Nimeambiwa nihamie miaka 4, na nyumbani wanajua namaliza 2027

Shangazi shikamoo,

Mimi ni binti wa miaka 26, kwetu Tanga ila mama alinileta Marekani nikiwa na miaka 9, na saivi nasoma udaktari mwaka wa pili kwenye ile trak ya miaka 3, siyo ile ya kawaida ya miaka 4. Wewe unaijua ila kwa wasomaji wengine, vyuo kadhaa huku vina huo mpango, unasoma bila likizo ya kiangazi, ile miezi ambayo wenzako wanakwenda kwao wewe uko darasani au wodini, na toka siku ya kwanza unakuwa umeshashikiwa nafasi ya residensi, yani yale mafunzo ya kazini baada ya chuo. Mimi nimeshikiwa udaktari wa familia kwenye hospitali ya chuo hicho hicho, kwa masharti kwamba nisianguke njiani. Tulianza Julai 2024 tuko 8 kwenye trak, tunatakiwa tumalize Mei 2027.

Sasa shangazi mwezi wa 5 nilifeli bloku ya figo (bloku ni kipande cha masomo chenye mtihani wake), pointi 2 tu, nikafanya sapu nikapita nikajua yameisha. Mwezi uliopita nimefeli tena, bloku ya homoni na uzazi, nimepata 66 na pasi ni 70. Nakumbuka swali moja la mama mwenye tezi la shingo, nimelisoma mara 4 na kila nikifika mwisho nimeshasahau mwanzo, naangalia ile saa ya kwenye kona ya skrini inashuka, mkono wa kulia unatetemeka mpaka ikabidi niukalie. Na lilikuwa swali jepesi, wiki moja kabla nilikuwa namwelekeza mwenzangu kitu hicho hicho maktaba na akaelewa.

Jumanne nikaitwa kwenye kamati ya maendeleo ya wanafunzi. Hawakunigombeza, walikuwa wapole kabisa na ndiyo ikaniuma zaidi. Wakanipa barua yenye njia 2. Ya kwanza nihamie trak ya miaka 4, nirudie ile bloku taratibu, Step 1, yani ule mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari huku, niifanye mwezi wa 4 na kumaliza iwe Mei 2028. Ya pili nibaki miaka 3 ila nifanye sapu ndani ya wiki 3 na Step 1 niifanye tarehe yangu ile ile, ambayo ni wiki 5 kutoka leo, na nikifeli chochote hapo naondolewa kwenye trak na kesi inarudi kwao upya. Jibu wanalitaka Ijumaa ijayo.

Mtihani wa majaribio wa Step 1 niliofanya wikiendi, ule wa NBME, bodi ya mitihani ya udaktari huku, umenipa asilimia 55. Kadi zangu za kurudia masomo kwenye programu ya Anki zilizorundikana ni 1,900 na kitu.

Tatizo kubwa ni mama. Mama anafanya zamu za usiku nyumba ya wazee, anabeba watu wazito kuliko yeye, ana miaka 54 na mgongo umeshaanza. Ameniambia ukimaliza 2027 napumzika. Vitenge vya sare ya mahafali ameshanunua, vya mama wadogo wote, viko kabatini vimekunjwa kila kimoja na karatasi ya jina. Kwenye grupu la ukoo mimi naitwa Dokta toka nilivyopata nafasi. Halafu mjomba wangu alidisko chuo huko nyumbani miaka ya 90 na mpaka leo akitajwa watu wanashusha sauti, kwahiyo mama akisikia tu nimerudishwa nyuma kwake hiyo ni disko, hakuna neno lingine.

Na mimi mwenyewe moyoni naona kama nikikubali ndiyo nimekubali kwamba sikustahili. Wenzangu 7 wanaendelea. Nikipambana wiki 5 labda natoboa. Natuma dola 350 kila mwezi Tanga kwa ada ya mdogo wangu, Jumamosi na Jumapili usiku nalea bibi mmoja hapa mjini ndiyo napata hiyo hela, sasa mwaka mzima zaidi wa mkopo na kodi ya nyumba nautoa wapi? Na ile nafasi ya residensi si ndiyo imekwenda?

Nisaidie shangazi, sijamwambia mtu.

Binti wa Tanga

---

Marahaba mwanangu, pole sana.

Jibu nakupa hapa juu kabisa ili usilale na wasiwasi mpaka mwisho wa barua: kubali miaka 4, na hiyo tarehe ya Step 1 iahirishe kabla hujafanya kitu kingine chochote. Sasa nikueleze kwa nini, na yale ambayo lazima uyapate kwa maandishi kabla ya kusaini, maana kukubali ovyo ovyo nako kuna hasara zake.

Mimi nimekaa miaka 6 kwenye kamati kama hiyo iliyokuita. Nimekaa upande wa pili wa hiyo meza ndefu, kwahiyo nakwambia tunachokiona kutoka kule. Mwanafunzi akiletwa na bloku 2 ambazo hazikukaa sawa, hakuna anayejiuliza kama anastahili kuwa daktari, hilo liliamuliwa siku alipopewa nafasi. Kinachoulizwa ni kama hiki kitu ni cha kasi au ni cha uwezo, na wewe binti yangu barua yako yote inasema kasi. Mtu anayemwelekeza mwenzake kitu akaelewa halafu wiki inayofuata hawezi kukisoma kwenye skrini hana upungufu wa akili, amechoka. Imeli yako kwangu imeingia saa 9 na robo usiku wa kuamkia Jumatatu, yani ulikuwa kazini kwa yule bibi, sindiyo?

Disko ni kuambiwa kwaheri, jina linatoka kwenye orodha na unabeba begi. Kurudia mwaka ni kurudi darasani na wale waliokuwa nyuma yako ukaanza yote upya. Hiki ulichopewa si kimojawapo. Unabaki mwanafunzi wa chuo kile kile, bloku ulizofaulu zinabaki zimefaulu, digri ni ile ile ya udaktari, MD, na leseni haina sehemu ya kuandika ulisoma miaka mingapi. Hii trak ya miaka 3 toka inabuniwa mlango wa kuhamia miaka 4 umejengwa ndani yake, kwa sababu wanaoziendesha wanajua mwili wa mtu. Miaka ya 1970 vyuo vingi vya Marekani viliingia kwenye miaka 3, serikali kuu ilikuwa inatoa pesa ili madaktari wapatikane haraka, halafu muda si mrefu karibu vyote vikarudi 4, na moja ya sababu ni kwamba wanafunzi na walimu wao walikuwa wamechoka. Walioendelea mpaka leo ni wa Canada, McMaster toka 1969 na Calgary toka 1970, na huku Marekani wimbi jipya limekuja na kina Texas Tech halafu NYU mwaka 2013. Masharti ya ithibati yanataka wiki zisizopungua 130 za masomo basi, miaka 3 inazitosha ila kwa kubana. Ukiugua wiki 2, ukifiwa, ukifeli bloku moja, hakuna pa kuegemea. Mwenzako wa miaka 4 akifeli bloku anaimalizia kiangazi na hakuna anayejua, wewe kiangazi huna. Ndiyo maana kitu kidogo kwako kimefika kwenye kamati.

Sasa Step 1, na hapa naomba unisikilize kwa masikio yote mawili. Kuchelewa kunafutika, kufeli hakufutiki. Ukiifanya mwezi wa 4 badala ya mwezi ujao hakuna hospitali itakayokuuliza kwa nini. Ukiifanya wiki 5 zijazo ukafeli, hiyo feli inakaa kwenye cheti cha matokeo ya USMLE, yani hiyo mitihani ya leseni yenye Step zake, maisha yako yote, hata ukifaulu mara ya pili kila programu ya residensi itaiona, na majimbo mengine yanahesabu majaribio wakati wa leseni. Majaribio yenyewe sikuhizi ni 4 tu kwa kila Step. Na asikudanganye mtu kwamba kwa kuwa toka Januari 2022 wameondoa alama imebaki kufaulu au kufeli basi umekuwa mtihani mwepesi, mwaka huo huo walipandisha kiwango cha kufaulu na wanaofaulu mara ya kwanza kwenye vyuo vya MD wakashuka kutoka asilimia 96 ya 2021 mpaka 93. Na hao wengi wao hawakuwa na sapu mkononi. Wewe una 55 kwenye NBME, iko chini ya kiwango, wiki 3 kati ya hizo 5 zitaliwa na sapu ya homoni, zinabaki wiki 2 za kusoma mwili mzima wa binadamu na kadi 1,900 zinakusubiri. Kwenye kamati nimewaona waliokubali kuhama na nimewaona waliokwenda kufukuzia tarehe. Waliofika kwetu mara ya pili wakilia ni hao wa tarehe.

Kipindi chako cha kufanyia mtihani ni cha miezi 3, kinaweza kuongezwa mara moja kwa kulipia, kwahiyo ingia kwenye akaunti yako uangalie tarehe ya mwisho inaangukia wapi, maana mwezi wa 4 unaweza kuhitaji hiyo nyongeza.

Haya, maandishi. Ijumaa usiende na neno "nakubali" peke yake. Andika imeli leo kwa mkuu wa wanafunzi, yenye heshima, fupi, na uulize haya ninayokwambia, na majibu yaje kwa imeli siyo kwa mdomo koridoni.

Kubwa kuliko yote ni je, hii ni kuhamishwa trak au ni likizo ya masomo? Watu wanachanganya na tofauti yake ni pesa. Ukihamishwa trak ukaendelea kusoma unahesabika mwanafunzi, mikopo yako inalala. Ukipewa likizo ya masomo ikapita siku 180 ndani ya miezi 12, kwa sheria za mikopo ya serikali unahesabika umeacha chuo, na muda wa kuanza kulipa unaanza kutembea. Wewe utarudia bloku, halafu kutakuwa na kipindi cha kujisomea Step peke yako mpaka mwezi wa 4. Kipindi hicho kimeandikishwa kama kozi au ni pengo? Wakwambie. Na bima yako ya afya wakati huo ikoje, maana mara nyingi inafuata usajili.

Halafu nenda ofisi ya mikopo, nenda mwenyewe kwa miguu. Ile sheria iliyosainiwa Julai 2025 inafunga mkopo wa Grad PLUS, ule wa serikali kwa wanaosoma juu ya digri ya kwanza, kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na wanaosoma udaktari wamewekewa ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Nyie mliokwisha kukopa kabla mmeachiwa kipindi cha mpito, kisichozidi miaka 3, ila kinahesabiwa pia kwa muda uliobaki wa programu yako, kile kilicho kifupi ndicho kinachoshika. Umeona hapo? Kwenye karatasi zao wewe ni mtu wa kumaliza 2027. Waulize wazi wazi, muda wangu uliobaki mtauhesabu kwa trak ya miaka 3 au ya 4, na mwaka wa masomo wa 2027 kwenda 2028 nitakopa chini ya sheria ya zamani au mpya? Hili swali wengi hawalijui na litakuja kuwakuta Agosti ada ikiwa inadaiwa. Waulize pia kama kuna ruzuku ya dharura au ya wanaohamia miaka 4, vyuo vingine wanayo na hawaitangazi.

Residensi. Ile nafasi ilikuwa ya masharti na ukihama inawezekana ikaachiwa, siwezi kukuficha. Ila kabla hujailia mwandikie mkurugenzi wa programu mwenyewe, umwombe dakika 20, umwambie nahamia miaka 4 kwa sababu hizi, bado naitaka programu yako, je mnaweza kunisogezea mpaka 2028 au nije kupitia Match (ule mgao wa nafasi za residensi wa nchi nzima) kama wengine? Yule mtu amekuona wodini, anakujua kwa jina, na anapenda kusikia kwako kuliko kusikia kwenye orodha. Na hata ikienda, umechagua udaktari wa familia binti yangu, siyo upasuaji wa ubongo. Match ya 2024 nafasi za udaktari wa familia zilikuwa zaidi ya 5,200 nchi nzima na zaidi ya 600 zikabaki hazina mtu. Mwombaji aliyesoma humu humu, amefaulu Step mara ya kwanza, anaongea Kiswahili na amelea wazee usiku, huyo anatafutwa.

Kwenye barua ya mkuu wa chuo itakayokwenda na maombi yako, kuhama na bloku zilizorudiwa vitatajwa, ndivyo ilivyo. Omba uione kabla haijatumwa, na hakikisha imeandikwa kwamba umeongezewa muda kwa kuhamia trak ya miaka 4, siyo neno la kuonyesha umeadhibiwa. Ukiulizwa kwenye usaili jibu kwa sentensi 2 na usiombe radhi.

Sasa kuhusu kazi ya wikiendi. Najua hiyo dola 350 ni ya nini na sitakwambia mdogo wako aache shule. Ila usiku 2 kila wiki bila kulala, Jumatatu asubuhi unaingia darasani la watu waliolala, hapo hakuna ubongo utakaoshika homoni. Huo mkono uliokuwa unatetemeka mpaka ukaukalia mimi nimeukumbuka siku nzima. Nenda kwa daktari wa wanafunzi wiki hii, mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia, usingizi, mkono, kusoma swali mara 4. Na wewe mwenyewe unajua mtu mwenye mkono unaotetemeka anapimwa nini, umetoka kuisoma hiyo tezi, basi wakupime. Kama ni hofu ya mitihani iandikwe, maana ikishaandikwa na daktari unaweza kuomba muda wa ziada kwenye mitihani ya chuo, na kwa Step yenyewe kuna maombi yake yanayochukua wiki nyingi, ndiyo sababu nyingine ya kutofanya mwezi ujao. Ile kazi achia angalau mpaka Step ipite. Ada ya mdogo wako ya miezi hiyo kaeni na mama muipange, siyo wewe peke yako gizani.

Ambayo inanileta kwa mama. Usimpigie simu na usimwandikie kwenye WhatsApp. Nenda kwake, umsubiri asubuhi atoke zamu, akishavua viatu umpe chai kwanza. Halafu usianze na neno kurudi nyuma wala kufeli, siyo kwa kuficha, hapana, utamweleza yote, ila sikio la mama yako lina jeraha la kaka yake na likigonga neno hilo halitasikia lingine. Anza hivi: "Mama, namaliza 2028 badala ya 2027. Sijafukuzwa, chuo ndicho kimenipa nafasi, digri ni ile ile." Nyamaza. Mwache alie kama atalia. Mwonyeshe barua yenyewe, mtafsirie mstari kwa mstari mpaka pale walipoandika Mei 2028, aione tarehe kwa macho yake, maana mjomba wako hakupewa tarehe ya kumaliza. Halafu mwambie habari ya usiku wa Jumamosi na Jumapili. Nina hakika hajui. Mwanamke aliyebeba watu usiku miaka yote hii ili wewe usibebe, akijua na wewe unabeba, hilo ndilo litamuuma kuliko mwaka mmoja, na ndilo litakalomfanya asimame upande wako.

Na kupumzika kwake mliulize pamoja. Mgongo wa miaka 54 haungoji 2027 wala 2028. Mwulize kama hapo kazini anaweza kuhamia zamu ya mchana au kazi isiyo ya kunyanyua, msiiache ikangoja mahafali yako.

Grupu la ukoo waacheni. Mama ndiye atakayesema, kwa siku yake na kwa maneno yake, na wewe usiingie humo kujieleza.

Unasema ukikubali umekubali kwamba hukustahili. Wenzako 7 wanaendelea, sawa, na Julai 2027 wataanza kazi. Wewe utaanza Julai 2028. Mgonjwa wa kwanza utakayeingia chumbani kwake, mama wa watu mwenye tezi la shingo, atakachotaka ni daktari aliyelala na anayekumbuka mwanzo wa maelezo yake akifika mwisho.

Tarehe ya mtihani uiahirishe kesho asubuhi. Imeli kwa mkuu wa wanafunzi kesho hiyo hiyo, ili majibu yawe mkononi kabla ya Ijumaa. Ukishaongea na mama niandikie, hata mstari mmoja, na uandike mchana.

Shangazi